Akina mama, msifiche ya mkojo baada ya kupasuliwa mgongo

MWANAMKE akipasuliwa mgongo sehemu ya kiunoni, kila mtu humwuliza swali moja: je, anatembea? Daktari wa upasuaji huliuliza, wauguzi huliuliza, na jamaa wanaokuja kumwona na chupa za chai huliuliza. Akipiga hatua kumi bila kushikwa mkono, watu humshukuru Mungu na mambo huishia hapo. Ni nadra aulizwe kama anapata haja ndogo sawasawa, na tendo la ndoa halitajwi kabisa. Kwa maoni yangu kimya hiki ni cha hatari, na lawama kubwa ni yetu sisi madaktari.

Uzi mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki kishada cha mishipa ya fahamu ambacho madaktari wa kale walikifananisha na mkia wa farasi. Mishipa ya chini kabisa ya kishada hicho ndiyo inayokiamuru kibofu kufunga na kufungua, inayolinda njia ya haja kubwa, na inayoleta hisia katika sehemu za siri. Kwa hivyo diski iliyochomoza, au damu iliyoganda baada ya upasuaji, yaweza kuyavuruga mambo haya yote hata kama miguu ingali na nguvu.

Wengi hudhani kwamba hatari ni mkojo kukataa kutoka tu. La hasha! Kibofu kisichohisi kwamba kimejaa huendelea kujaa hadi kimwagike chenyewe. Mama anayeona matone katika nguo zake hujiambia ni umri, au ni kwa sababu amezaa watoto wanne. Hununua pedi na kunyamaza. Kumbe ndani mkojo umetuama, unazaa maambukizi, na ukiachwa muda mrefu waweza kudhuru figo. Kulithibitisha jambo hili si kazi kubwa: mgonjwa huenda haja, kisha hupimwa kwa ultrasaundi kiasi kilichobaki. Kikizidi mililita 200, hilo si la kupuuzwa.

Kuna dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki. Ukipata ganzi katika sehemu zinazokalia kiti cha baiskeli, ukijipangusa chooni usiihisi karatasi vizuri, mkojo ukikataa kuja, au haja kubwa ikikutoka bila habari, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, iwe ni kabla ya upasuaji au baada yake. Mishipa hiyo ikibanwa tunahesabu saa, wala si wiki.

Si kila shida ya mkojo ni mishipa iliyobanwa, bila shaka. Nusukaputi na dawa kali za maumivu zaweza kuzuia mkojo kwa siku moja au mbili. Tramadol na codeine hufunga choo, na utumbo uliojaa hukisukuma kibofu. Amitriptyline, ambayo huandikwa sana kwa maumivu ya mishipa, yaweza kuzuia mkojo na pia kupunguza raha ya chumbani. Usiiache dawa kimyakimya. Mwambie aliyekuandikia, huenda akaibadilisha.

Na tukitaja chumbani, wenye haya wanisamehe. Mwalimu mmoja aliyenijia alikuwa amelala na watoto kwa miezi saba. Yeye aliogopa skrubu za mgongoni zingechomoka, mumewe akadhani amechokwa. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba walioondolewa diski kwa kawaida huruhusiwa kurudia tendo la ndoa baada ya wiki 4 hadi 6 hivi, na kwamba waliofungwa skrubu huenda wakangoja zaidi lakini hawakatazwi maisha. Kulala ubavu, au chali na mto chini ya magoti, huupumzisha mgongo. Ukavu una vilainishi vya maji katika maduka ya dawa (mafuta ya kujipaka huharibu kondomu). Ganzi, au kushindwa kufikia kilele, ni dalili ya kuchunguzwa kama dalili nyingine yoyote.

Jambo linaloniudhi ni kwamba vitabu vyetu vimeandika mengi kuhusu mbegu za mwanamume anayepasuliwa mgongo kupitia tumboni. Juu ya raha ya mwanamke ni mistari michache, kana kwamba yeye hakuwa nayo.

Kwa hivyo, kabla hujatia sahihi karatasi ya upasuaji, eleza mkojo wako ulivyo sasa na hisia zako zilivyo, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Ukiona haya mbele ya daktari mwanamume, mweleze muuguzi, au uyaandike. Mimi hupokea vikaratasi vya namna hiyo, vingine vimekunjwa mara nne, na ndivyo ninavyovisoma kwanza.