ZAMU SI SADAKA



Sisi wa reli hapa Nakuru twajua maana ya zamu. Tukiandikiwa saa kumi alfajiri, saa kumi tuko stesheni. Basi twauliza: kwa nini muuguzi atoke Njoro gizani, alipe nauli, afike langoni mwa hospitali ndipo aambiwe, "Leo hapana kazi, rudi"? Anayelipwa kwa zamu hurudi nyumbani bila unga. Wa mshahara wa mwezi naye hurudishwa leo, kisha huitwa siku yake ya kupumzika.

Na Krismasi je? Kila mwaka wale wale likizoni, wale wale wodini. Huo ni upendeleo mtupu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema: likizo siku 21 za kazi kila mwaka, kwa mshahara kamili, siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Saa za kazi zikibadilishwa, mfanya kazi ashauriwe na aandikiwe.

Wakubwa husema ugonjwa hauna saa. Kweli, lakini Krismasi ina tarehe!

Twataka orodha ya zamu ibandikwe wiki 2 mbele; zamu iliyofutwa langoni ilipwe; sikukuu zigawanywe kwa kupokezana, na mjumbe wa chama akague daftari.

Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma miezi 5, na wagonjwa wakateseka. Tusingoje kufika huko tena. Enyi wauguzi, andikeni tarehe ya kila zamu iliyofutwa, mpeni mjumbe wenu. Sisi wa reli tu pamoja nanyi. Kidole kimoja hakivunji chawa.