Mtoto Asiyejibu Mwenyewe

Binti mdogo analetwa katika kituo cha afya mjini akiwa na jeraha la moto lenye siku kadhaa. Mwanamke aliyefuatana naye anajitambulisha kuwa shangazi yake, na kila swali analoulizwa mtoto hulijibu yeye. Umri anaubahatisha, shule haijui. Jeraha linasafishwa, dawa inatolewa, wanaondoka. Je, tiba imekamilika?

Usafirishaji haramu wa watoto huwafanya wengi wafikirie mipaka, malori na kamba. Nchini Tanzania, mara nyingi huanza kwa upole: ndugu au jirani hufika kijijini, huahidi shule au ufundi cherehani, na mzazi humkabidhi mtoto kwa nia njema. Mjini, ahadi hugeuka kazi za ndani tangu alfajiri hadi usiku. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haikubali ridhaa ya mtoto, mzazi wala mlezi kuwa utetezi wa mtuhumiwa.

Kulelewa na ndugu ni desturi njema, na haipaswi kutiliwa shaka ovyo. Kipimo ni hiki: je, mtoto huyu analelewa au anatumikishwa?

Madhara hayaishii kwenye ngozi. Mtoto anayeishi kwa hofu hukosa usingizi, hukojoa kitandani, hushtuka akiguswa au hunyamaza kabisa. Watu huita hali hiyo ukaidi. Lishe duni hudumaza mwili wake. Ukatili wa kingono huweza kumwachia maambukizi na mimba, na sonona huweza kumfuata hadi utu uzima.

Kwa hiyo mhudumu hana budi kuzungumza na mtoto faraghani, kwa lugha anayoielewa, bila kumshutumu aliyemleta, kwa kuwa huenda mtoto akarudi mikononi mwake usiku uleule. Penye ubakaji, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe mapema, kabla ya saa 72 kupita. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wahusishwe kabla mtoto hajaruhusiwa kuondoka. Naye jirani anayesikia kilio kila usiku anaweza kupiga namba 116, bila malipo.

Mtoto wa namna hii huenda asiletwe hospitali mara ya pili. Aulizwe leo, na aachwe ajibu mwenyewe.