Kwa Wamitila, anzeni na Bina-Adamu!

Makala yako, mwandishi, imemruka K. W. Wamitila, na huku kwetu Keroka na Nyamira ndiye vijana wanayeniulizia: nianze na kipi? Swali gumu kweli, maana mtu huyu kaandika riwaya, tamthilia, hata Kamusi ya Fasihi.

Mimi nasema Bina-Adamu! (2002). Ni kitabu chembamba. Ukipanda matatu ya Nairobi pale Kisii mjini, utakuwa umekila sehemu kubwa kabla ya Narok. Msimulizi anazunguka dunia akimsaka P.P., yaani Peter Pan, yule mtoto wa hadithi za Wazungu, ambaye humu ndiye mvurugaji wa kijiji cha utandawazi. Ukifika Hiroshima utajua hii si ngano ya kubembelezea watoto. Usijisumbue kutenga ndoto na kweli, we soma tu. Sisi tuliolelewa kwa masimulizi ya Sakawa, mtabiri wa Wagusii aliyesema Wazungu watakuja, mambo haya hayatutishi.

Musaleo! (2004) iwekeni kando kwanza, ni ngumu zaidi. Asiyependa mazingaombwe achukue Nguvu ya Sala (1999). Na Nagona ya Kezilahabi, wanayoisifu wengi? Baadaye, tena baadaye sana!

Maduka ya hapa hujaza vitabu vya mtihani tu, kwa hiyo mwombeni mwenye duka awaagizie mapema. Januari, shule zikifunguliwa, hana muda na mtu.