MOTOKAA YA BWANA HAIMFANYI MTU KUWA BWANA



Upo ugonjwa wa zamani unaotaka kuturudia. Mtu akivuna alizeti vizuri misimu miwili, au asali ya Itigi ikimpa faida, haulizi tena bei ya trekta. Anauliza bei ya Jaguar. Wala si Jaguar mpya, bali kuukuu, iliyokwisha kutumiwa na kuchokwa huko Uingereza. Eti hiyo ndiyo motokaa ya mtu mzito! Tuseme wazi: hiyo si heshima, ni kasumba.

Tutende haki kwanza. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na Waingereza walijua kuunda. Jaguar E-Type ilionyeshwa Geneva mwezi wa Machi 1961, na watu wakastaajabu. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Tanganyika ikajitawala. Motokaa ile ilikuwa na viti viwili tu, cha tajiri na cha mwenziwe. Uhuru wetu ulikuwa wa kuwabeba wote. Sasa mwananchi huru anataka kurudi kwenye viti viwili?

Hebu tupige hesabu kama watu wazima. Bei ya kununulia ni mlango tu. Ndani yake umo ushuru wa forodha, umo ushuru wa uchakavu kwa sababu motokaa ni nzee, imo na VAT ya asilimia 18. Kisha petroli. Injini ya silinda 12, lita 5.3, ambayo Jaguar ilianza kuiuza mwaka 1971, hunywa kama lita 20 kwa kilometa 100. Kutoka Manyoni hadi Dodoma na kurudi, zimekwisha kama lita 50. Na petroli yote hiyo hutoka nje, kwa fedha za kigeni zinazopatikana kwa jasho la mkulima.

Bado matengenezo. Injini hiyo inajulikana kwa kuchemka. Je, itapandaje ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Bahi kuja kwetu, jua la saa saba likiwaka? Nati zake ni za inchi, na fundi wetu ana spana za milimita. Umeme wake ni wa Lucas, ambaye Waingereza wenyewe walimtania kwa kumwita Mkuu wa Giza. Waliomuunda wanamcheka, sisi tumsujudie?

Barabara zetu zimekwisha kutoa hukumu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Lakini vumbi na tope la Afrika Mashariki havikujali malkia. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1966, 1967 na 1968. Datsun ikashinda 1970, 1971 na 1973. Jaguar haikushinda hata mara moja.

Watu watasema tunawachukia Waingereza. La hasha! Nendeni Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ipo Rolls-Royce ya gavana, na ipo Austin ndogo aliyoitumia Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru. Zote mbili ni za Kiingereza. Moja ilibeba ubwana, nyingine ilibeba kazi. Hatuulizi motokaa imetoka wapi, tunauliza inabeba nini.

Mwingine atasema, "Fedha ni zangu." Kweli ni zako. Lakini barabara unayopita ni yetu, na fedha za kigeni unazochoma ni zetu sote. Wazee wanakumbuka miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei duniani, motokaa za watu binafsi zikakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Taifa zima lilibanwa. Hapo "yangu" ilikuwa wapi?

Fundi anayenunua injini mbovu ya Jaguar ili aifungue mbele ya vijana na kuwafundisha, huyo tunampa mkono. Anatafuta ujuzi, hatafuti sifa. Pale Kibaha, Watanzania waliunda lori, wakaliita Nyumbu. Ni vijana wangapi wanaotaja kila namba ya Jaguar bila kuijua Nyumbu?

Tazameni Wahindi. Walitawaliwa na Mwingereza yule yule. Tata iliunda malori ya kazi, ikajifunza, ikajijenga, na mwaka 2008 ikainunua kampuni yenyewe ya Jaguar. Hawakununua kiti cha bwana kilichochakaa, walinunua kiwanda.

Basi, ndugu wa Manyoni mwenye fedha, anza na mashine ya kukamua alizeti, anza na trekta, anza na gereji yenye vijana kumi wanaojifunza. Utakapopita mtaani kwa miguu, watu watakuamkia kwa moyo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na utukufu wa kuazima ni hivyo hivyo.

Uhuru na Kazi!