Kuchagua Kazi Ungali Chuoni

Poda nyeupe wanayomwagiwa vijana wa Kisangani, nchini Kongo, vichwani siku ya kutangazwa matokeo ya Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari haijapanguswa vizuri, na tayari wazee wa ukoo wamekwisha kaa kitako kuamua mtoto ataandikishwa fakalte gani. Na aghalabu shauri lao huangukia utabibu au sheria, kwa kuwa cheo cha daktari na cha wakili, huko mitaani Mangobo na Kabondo, kina heshima isiyohitaji tafsiri. Siwalaumu wazee hao. Waliuona mji huu ukipigwa mizinga na majeshi mawili ya kigeni mwezi Juni 2000, wakaona viwanda vikififia na ajira ikiadimika, na aliyeyaona hayo hana budi kumtakia mwanawe kazi yenye jina la kutegemewa.

Walakini suala ni kama yafaa kijana wa miaka kumi na minane akate shauri la riziki yake yote siku anapolipa ada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Kisangani chenyewe kilianzishwa mwaka 1963 na wamisionari wa Kiprotestanti, mwaka 1971 kikaunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa chuo kimoja cha taifa, na mwaka 1981 kikarudishiwa mamlaka yake. Ikiwa taasisi yenye maprofesa na majengo ilihitaji muda huo wote kuipata njia yake, sioni ni kwa hoja gani tumdai mtoto wetu aione njia yake kwa juma moja.

Chuoni humo nilimtazama msichana mmoja, mwanafunzi wa biolojia, akitandaza jani juu ya karatasi ya gazeti, akilinyoosha taratibu kwa kidole gumba hata mishipa yake ikaonekana yote, kisha akaandika kwa penseli tarehe na mahali lilipochumwa. Aliniambia, “Mzee, mimi nilitaka kuwa mfamasia, mpaka siku tulipopelekwa msitu wa Yoko.” Wazazi wake walinuna mwaka mzima. Lakini huko Yangambi, yapata kilomita 100 kutoka hapa kwa kuufuata Mto Kongo unakoteremkia, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, kumesimama sasa mnara wenye urefu wa mita 55, unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Na mtu wa kuisoma mitambo yake, wa kuitambua miti iuzungukayo na wa kuzihifadhi hesabu zake anahitajika kila siku. Kazi hiyo, wazee walipokuwa wakiketi kuamua, haikuwa na jina katika lugha yoyote ya nyumbani.

Wapo watakaojibu, na jibu lao ni zito, kwamba kujaribu ni anasa ya matajiri, kwani mwaka mmoja uliopotea chuoni ni ada, ni chakula, ni nauli ya mtumbwi kila siku kwa anayeishi Lubunga, ng'ambo ya mto, na pengine ni zamu ya mdogo wake iliyoahirishwa. Nakiri. Ndiyo maana sisemi kijana atangetange kutoka fakalte hadi fakalte. Nasema aguse kazi mapema, angali na nafasi ya kugeuka bila hasara kubwa. Mfumo mpya wa masomo ulioenea nchini tangu mwaka 2021, unaohesabu masomo kwa krediti 60 kila mwaka, unaweza kumfaa katika jambo hili, iwapo wakuu wa fakalte wataruhusu alichokwisha kukipata kihesabiwe aendako, na iwapo staji, yaani mafunzo ya kazini, haitangoja mwaka wa mwisho, wakati ambapo mwanafunzi hana tena hiari bali ana haraka tu ya kumaliza.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba kazi ichaguliwe chuoni, naye mwenye kuichagua awe mwanafunzi aliyekwisha kuishika kwa mikono yake. Enyi wazazi wa Kisangani, fedha mnazotenga kwa sherehe ya poda, punguzeni kidogo. Mpeni mtoto nauli ya kwenda Yangambi, au ya kukaa juma moja hospitalini au mahakamani akitazama watu wakifanya kazi, kisha mketi naye mumsikilize kabla ya kumwandikisha.