Sabuni na Picha Haziwatoshi Wazee

Ndugu Waislamu, kila ikifika Idd baadhi yetu huenda makazi ya wazee, kama yale ya Kiilima, Bukoba, na sabuni, sukari na kamera. Picha zikishapigwa, hao! Hadi mwakani.

Sadaka hatuikatai. Lakini Suratul Israa (17:23) imeamrisha pia kusema na wazazi kwa heshima. Asiyeketi nao atasema nao saa ngapi? Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiachia familia jukumu la kwanza.

Kina mama wa Kibingo wanaosuka mikeka, kwa nini wasisukie uani kwa bibi mpweke, naye akawafundisha ususi wake? Wapo watakaosema huo ni upuuzi, ibada iko msikitini. Basi watuambie: wiki hii wamemtembelea mzee gani?