Parokia Si Boma

Wakristo wenzangu, neno nitakalo kulinena laweza kuwaudhi baadhi yenu. Walakini ni afadhali kuudhi kwa kweli kuliko kupendeza kwa kunyamaza. Neno lenyewe ni hili: sisi Wakatoliki wa Uchagani tumeugeuza mpaka wa parokia kuwa ukuta. Twasali sala zilezile, tu chini ya Askofu mmoja, twapokea Mwili mmoja wa Bwana, lakini tukiulizwa habari za parokia ya ng'ambo ya korongo, twajibu kana kwamba tumeulizwa habari za nchi ya mbali: “Hao si wetu.”

Nchi yetu mwaijua ilivyo. Mito hushuka kutoka mlimani, na kati ya mto na mto pana mgongo wa nchi wenye migomba, kahawa na nyumba za watu. Parokia zetu nyingi zimekaa juu ya migongo hiyo, moja hapa, moja pale, hata kengele ya kanisa moja husikika penye kanisa la pili. Basi tazameni mambo yatokeayo. Kigango kilicho mpakani hungoja Misa majuma mengi, kwa sababu paroko wake ana vigango vingine vingi. Na huku kanisa la jirani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, lina Misa mbili kila Jumapili. Mgonjwa akizidiwa usiku, jamaa zake hupanda mlima saa mbili kumfuata padre “wao”, nao njiani hupita mlangoni pa padre mwingine, wala hawabishi hodi. Wakirudi, pengine humkuta mgonjwa amekwisha kukata roho. Je, katika hilo ni nani aliyelindwa na mpaka?

Sisi walimu twaona jambo hili kila siku. Darasani watoto wa parokia mbili au tatu huketi benchi moja na kusoma kitabu kimoja. Jioni mtoto akitaka kujifunza Katekisimu pamoja na wenzake karibu na shule, huambiwa, “Kadi ya jumuiya yenu si ya hapa, rudi kwenu.” Kwao katekista ni mmoja, na vigango ni vinne. Basi mtoto hafundishwi huku wala huko, kisha mwisho wa mwaka twamlaumu kwamba hajui Amri za Mungu.

Ugonjwa huu umetoka wapi? Mimi naona ya kuwa ni mkubwa kwa umri kuliko parokia zetu. Zamani kila mgongo wa nchi ulikuwa na Mangi wake, na Mangi huyu alipigana na yule. Sina wa Kibosho alikuwa na boma la mawe, na Rindi wa Moshi alikuwa adui yake, hata Wajerumani walipokuja kulipiga boma lile mwaka 1891. Katika miaka ileile, kati ya 1890 na 1893, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misioni za Kilema na Kibosho. Hawakuja kumjengea kila Mangi kanisa la kushindana na jirani yake, bali waliihubiri Injili moja kwa watu waliokuwa wakivamiana. Jimbo letu la Moshi limekuwako tangu mwaka 1953. Umangi nao uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi Mangi hayupo tena, lakini vita vyake tumevihifadhi sisi, tena mahali patakatifu! Siku hizi hatuchukuliani ng'ombe. Twanyang'anyana waimbaji wa kwaya, twahesabiana mabati ya paa, na twafurahi mnara wetu ukiwa mrefu kuliko wa jirani.

Najua majibu ya wazee wetu, nami nitayajibu moja moja kwa heshima.

Wa kwanza husema, “Sheria ya Kanisa yataka kila Mkristo ahudumiwe na paroko wake.” Ndugu, aliyeisoma sheria nusu asiitumie nzima kuwafungia watu mlango. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 374, yasema ya kwamba parokia za jirani zaweza kuunganishwa katika vikundi ili kazi ya uchungaji ifanywe kwa pamoja. Ndivyo hivyo tuviitavyo dekania. Kanuni ya 555 yampa dekano kazi ya kuikuza na kuilinganisha kazi hiyo. Kanuni ya 911 yasema kwamba palipo na lazima, padre ye yote imempasa kumpa mgonjwa Komunyo ya safari yake ya mwisho, kisha ampashe habari paroko. Na kanuni ya 976 yampa kila padre uwezo wa kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa. Mwaona basi? Mahali pale pale tulipojenga ukuta, sheria imeweka mlango.

Ni kweli, yako mambo yenye taratibu zake. Padre wa jirani hafungishi ndoa katika parokia isiyo yake pasipo kupewa ruhusa, na ubatizo hauna budi kuandikwa daftarini. Lakini ruhusa huombwa kwa barua moja, na daftari halikatai jina la mtu kwa kuwa amevuka mto. Utaratibu ni wa kutusaidia tusipotee, wala haukuwekwa ili uwe kisingizio cha uvivu wetu.

Wa pili husema, “Watu wetu wakizoea kusali ng'ambo, zaka na sadaka zetu zitapotea.” Hapa ndipo penye mzizi wa jambo, na maneno mengine yote ni majani yake. Nasi tuseme waziwazi: kama twamzuia Mkristo asipate Misa kwa kuogopa shilingi zake zisiingie katika kapu la jirani, basi tumemfanya kondoo kuwa mali ya kukamuliwa. Mtume Paulo alikusanya mchango wa makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa maskini, kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, watu ambao wengi wao hawakupata kuwaona kwa macho. Sisi jirani yetu twamwona kila siku ya soko, na bado twamwonea choyo! Tena dawa ya hofu hii ni nyepesi: zaka iandikwe na kulipwa katika parokia ya nyumbani, na huduma ipatikane ilipo karibu. Walei wa pande mbili waweza kulipatanisha jambo hili kwa kikao kimoja chenye haki.

Wa tatu husema, “Padre wetu akisaidia huko, sisi tutapungukiwa.” Huyu namwomba aikumbuke habari ya Petro na wavuvi wenzake. Nyavu zilipojaa samaki hata zikaanza kukatika, hawakusema kwamba samaki ni wa chombo chao peke yao. Waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kuwasaidia, na vyombo vyote viwili vikajaa. Kama wangaliona wivu, wavu ungalipasuka, na samaki wangaliwapotea wote.

Wala msiniambie kwamba sisi watu wa mlimani hatujui kushirikiana. Mifongo yetu ya maji ilichimbwa na wazee waliopatana zamu: leo maji kwa ukoo huu, kesho kwa ukoo ule, na mwenye shamba la juu hana ruhusa ya kuyazuia yote. Tena mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa migongo mbalimbali waliviunganisha vyama vyao, kikawa chama kikuu cha KNCU, kwa kuwa walitambua ya kuwa mkulima mmoja mmoja hana nguvu mbele ya mnunuzi. Ikiwa twaweza kupatana kwa ajili ya maji na kahawa, tutatoa udhuru gani mbele ya Mungu kwa kushindwa kupatana kwa ajili ya roho za watu?

Mambo ninayoyataka si makubwa. Maparoko wawili au watatu walio jirani, pamoja na walei wao, wakutane na dekano wao, wapange saa za Misa ili makanisa yasiwe na Misa saa moja zote, kisha adhuhuri pasiwe na Misa po pote. Katika Kwaresima mapadre wote waende pamoja kuungamisha, leo parokia hii, kesho ile. Wachumba wa parokia jirani wafundishwe pamoja, na mwalimu aliye bora awafundishe wote. Katekista wa karibu aruhusiwe kuwafundisha watoto wa mpakani. Na zaidi ya yote, kila jumuiya ya mpakani ipewe jina la padre aliye karibu, ili mgonjwa akizidiwa usiku aitwe yeye kwanza, na paroko apewe habari asubuhi.

Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya mapadre, wala si ya mwalimu wa shule. Mapadre wetu twawaheshimu, na neno la mwisho ni lao na la Askofu. Lakini mara nyingi si padre anayekataa, ni sisi, wajumbe wa halmashauri, tunaomnong'onea, “Baba, wale wa ng'ambo watatumaliza.” Tuache kunong'ona hivyo. Kikao kijacho cha halmashauri ya parokia yako, ndugu msomaji, simama ukaulize: mgonjwa wetu aliye mbali kabisa na kanisa letu, ni padre gani aliye karibu naye? Kama jibu ni padre wa parokia ya pili, msiondoke kikaoni kabla hamjaandika barua ya kumwomba.